Usiku wa Kuhesabu, Kettering

Saa nne kamili vituo vikafungwa.
Ukumbi wa michezo, mistari ya mpira wa kikapu bado sakafuni,
na sisi watu sitini mezani, simu zimezimwa,
kila mmoja na kisponji chake
cha kulowesha dole gumba.

Masanduku yakaja mbio, meusi, lakiri nzima,
yamebebwa na vijana wa shule ya jirani
kama wanaomuwahisha mgonjwa.
Yakamwagwa. Karatasi zikalala
kama mchele unaongoja kuchambuliwa.

Kwanza hesabu zilizomo; jina usilitazame.
Kisha zitenge: huyu hapa, huyu pale.
Ishirini na tano, kibanio. Vibanio vinne, mia.
Bi Rosalind, msimamizi, alikariri mara tatu:
"Msimfurahie mtu. Wala msimsikitikie."

Danuta alikaa mkabala nami.
Miaka kumi na tisa yumo mjini humu,
anaoka mikate wanayokula wapiga kura,
kodi analipa, mwanawe kazaliwa hospitali ya hapa,
lakini karatasi hii hapewi:
ni Mpolandi.
Mimi Shekue, niliyetoka Lushoto mwaka juzi,
nilipiga yangu asubuhi, kwa penseli iliyofungwa kamba,
kwa kuwa babu zangu walitawaliwa na babu za hawa.
Nikamweleza. Akainua kichwa.
"Kumbe tulikosea kutotawaliwa nao,"
akasema, akaendelea: kumi na saba, kumi na nane.

Mmoja kaandika "hakuna" mara sita, kwa mwandiko wa mwalimu.
Mmoja katia alama, kafuta, katia tena,
hadi karatasi ikachoka, ikatoboka.
Mmoja kaandika barua nzima
juu ya shimo la barabara mbele ya nyumba yake.
Danuta akapata paka,
kachorwa kwa penseli katika mraba wa nne,
masharubu na yote.
Akamtazama kitambo, akampeleka kwenye trei ya mashaka.
Saa tisa akavaa koti. Tanuri halingoji matokeo.

Wengi wape, tulifundishwa.
Nilidhani hapa nitauona msemo ukitembea kwa miguu yake.
Lakini marundo yalipokua
kila mia ilikatika hivi:
thelathini na tatu kwa mama wa koti la kijani,
thelathini na tatu kwa bwana wa tai iliyolegea,
waliobaki wametapakaa kwa watu wanne.
Wengi, basi, hawakumtaka yeyote.
Na mmoja ataondoka na mji mzima mfukoni.
Hakuna duru ya pili. Wa pili hapewi mguu wa kiti;
kiti hakipasuliwi.
Kumbi mia sita na hamsini usiku huohuo
zikifanya hesabu hiyohiyo,
na jumla yake ndiyo itakayomtoa Waziri Mkuu,
ambaye katika karatasi zote nilizoshika
sikumwona jina.

Tofauti: kura kumi na moja.
Hesabuni tena.
Tofauti: nne.
Bwana wa tai akaketi chini, mgongo ukutani.
"Na wakilingana?" nikamuuliza Bi Rosalind.
"Tutatumbukiza vipande viwili katika kofia,
nitachomoa kimoja."
Nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia.
Ningewaelezaje
kwamba kwetu neno ni lilelile,
kwamba kura, kabla ya vyama na masanduku,
ilikuwa ndiyo hiyo:
kijiti, bahati, mkono usioona?

Alfajiri mama wa kijani akapanda jukwaani,
akamshukuru polisi, akamshukuru aliyeshindwa,
sauti imemkauka. Watu wakapiga makofi ya usingizi.

Nikapita dukani kwa Danuta.
Unga hadi viwikoni. Akanifungia mkate wa moto.
Hakuniuliza nani kashinda.
"Yule paka," akasema.

Nikamwambia: wagombea wote sita walimwinamia
kama madaktari. Wakabishana.
Mkia ulikaribia mstari
ila haukuuvuka.

Alihesabiwa.